Shangazi na Sahihi Kumi na Moja

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale chuoni. Jina alilipata siku ya kwanza, alipoingia darasani na mkoba mweusi wa ngozi na miwani imening'inia kifuani, wanafunzi wote wakasimama kwa pamoja wakamwamkia, "Shikamoo, mwalimu!" Akaitikia marahaba, maana shikamoo haikataliwi, kisha akaenda zake kukaa dawati la tatu. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa kweli akaingia. Saa nne ilipofika alikuwa ameshakuwa Shangazi, na jina lake la kwenye orodha likabaki huko huko kwenye orodha.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameishika masijala ya ofisi moja ya maji, yaani kile chumba mnamokaa mafaili yote ya ofisi. Ungemfunga kitambaa machoni ukamtajia mtu aliyeomba kuvutiwa bomba miaka kumi nyuma, angekwenda moja kwa moja mpaka kwenye rafu, akanyoosha mkono, akakupa faili, na kukwambia kwamba ukurasa wa nne una doa la chai, na doa hilo ni la mkurugenzi aliyestaafu. Basi siku moja ikaja barua kutoka juu kwamba kila mkuu wa masijala lazima awe na cheti. Mkuu wake wa kazi akamwita.

"Mama, kazi hii unaijua kuliko sisi sote," akamwambia. "Tatizo ni kwamba hakuna karatasi inayosema unaijua. Nenda chuoni wakaiandike."

Akaenda, kozi ya miaka miwili. Huko akajifunza kwamba lile alilokuwa akilifanya miaka yote lina jina refu na lina hatua saba, na kwamba yeye alikuwa akilifanya kimakosa, kwa hatua mbili tu: kuweka na kutoa.

Bwenini walimpanga chumba kimoja na wasichana wawili wa kozi ya mwaka mmoja. Wa kwanza aliitwa Kasuku, kwa sababu alianza kuongea kabla hajafungua macho asubuhi na hakuna aliyepata kujua anapumua saa ngapi. Wa pili aliitwa Polepole. Huyo alitembea kama mtu aliyebeba sinia la mayai kichwani, na swali ulilomuuliza asubuhi alikujibu mchana, ila jibu lake halikuwa na kosa. Wote wawili hawakufikia umri wa binti yake wa kwanza.

Wiki ya kwanza Shangazi aliwaogopa, nao walimwogopa. Wiki ya tatu alibonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta, insha yake ya kurasa nane ikatoweka kama moshi. Alikaa akaukodolea macho ukuta. Kasuku akavuta kiti, akasema, "Shangazi, usilie, tunaandika upya, wewe sema mimi nipige," na kwa michana mitatu alipiga chapa, akiongea juu ya mambo mengine kabisa, vidole vikienda upande wao na mdomo upande wake. Polepole akasoma kila mstari, akasahihisha nukta. Toka siku hiyo mambo yakawa mengine. Wakafua pamoja, wakala pamoja, wakasengenya pamoja. Shangazi alipompigia mumewe, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, akawa anasema "rafiki zangu" hivi na "rafiki zangu" vile.

"Rafiki zako ni watoto," mumewe alimwambia.

"Ndiyo, lakini ni wangu."

Mwaka ukaisha kama unavyoisha mwaka, ghafla, ingawa kila mtu alikuwa akiuona unakuja. Kasuku na Polepole walikuwa wamemaliza kozi yao, wanarudi makwao, mmoja huku na mwingine kule. Shangazi alibakiwa na mwaka mwingine, na kabla ya likizo alikuwa na kazi moja ya kukabidhi: mradi wa kurasa ishirini na tano uitwao "Umuhimu wa Utunzaji Bora wa Kumbukumbu katika Taasisi". Alitakiwa aukabidhi Ijumaa saa mbili asubuhi, na saa tatu autetee mbele ya jopo la walimu watatu.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, lakini wahenga hawakuwahi kupanga ratiba. Shangazi alichukua rula na kalamu ya rangi mbili. Asubuhi kwa mradi, mchana kwa marafiki. Kurasa tano kwa siku, na Alhamisi kumi, jumla ishirini na tano. Akaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Ilikuwa ratiba nzuri sana. Kasuku aliipiga picha.

Ratiba ilianza Jumatatu, kwa hiyo Jumapili haikuwemo, na Jumapili ndiyo siku ambayo kamati ya kuaga iliitisha sherehe. Ndiyo, kulikuwa na kamati. Ili kuwaaga watu wawili bweni liliunda kamati ya watu saba, yenye mwenyekiti, makamu, katibu, na mtu wa itifaki aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba itifaki imezingatiwa. Walikutana mara nne. Katika kikao cha tatu waligombana kuhusu nani akae meza kuu, ingawa ukumbi ulikuwa na meza moja tu. Shangazi aliteuliwa kuwa mgeni rasmi, kwa ajili ya umri, na pia mpika chai, kwa ajili ya umri huo huo.

Sherehe ilitangazwa kuanza saa nane, ikaanza saa kumi. Mwenyekiti alisema hana mengi ya kusema, akayasema yote. Makamu alisema mwenyekiti ameshayamaliza, akayarudia. Polepole alipoitwa kutoa neno la shukrani alisimama, akafikiri muda mrefu hata mtu wa itifaki akadhani amemaliza na kumpigia makofi, akakaa. Kasuku alilia, akaongea huku analia, akacheka huku anaongea. Shangazi naye, aliyeahidi kutolia kwa sababu ni mgeni rasmi, alilia ndani ya birika la chai. Walikumbatiana watu wote na watu wote, hata wasiojuana.

Jumatatu asubuhi Polepole aliondoka. Hapo ndipo bweni zima lilipopigwa na butwaa, kwa sababu chuo kile kilikuwa na fomu ya kuondokea ambayo wanafunzi waliiita "shuka", kwa urefu wake. Shuka ilihitaji sahihi za ofisi kumi na moja: maktaba, bweni, jiko, stoo, zahanati, michezo, chumba cha kompyuta, serikali ya wanafunzi, mkuu wa idara, masijala, na mwisho kabisa mratibu wa mafunzo. Kila ofisi ilithibitisha kwamba huondoki na mali yake. Kumbe Polepole alianza kukusanya sahihi tangu mwezi wa pili, moja moja, kila alipokatiza mbele ya ofisi. Alimkumbatia Shangazi, akasema, "Nitakukumbuka," na Shangazi akajua neno hilo limefikiriwa muda mrefu. Akatembea mpaka getini mwendo wake ule ule, mlinzi akasoma shuka, akafungua geti.

"Haraka haraka haina baraka, basi ndiyo hiyo," Kasuku akasema. "Mimi yangu naimaliza leo, kesho naondoka."

Jumatatu ile Shangazi aliandika ukurasa mmoja. Nao ulikuwa wa jalada.

Jumanne Kasuku aliaga. Alizunguka chumba kwa chumba, akaliliwa na kulia, na wale waliomlilia Jumapili wakamlilia tena, wengine wakiangalia saa. Shangazi akaacha sentensi katikati akambebea begi moja mpaka getini. Mlinzi, mzee mwenye koti la mvua hata juani, alivaa miwani akaisoma shuka kuanzia juu.

"Hapa zipo nane, binti."

"Nane si nyingi, baba?"

"Nyingi. Lakini si kumi na moja. Michezo hapana, masijala hapana, mratibu hapana."

"Hizo tatu nilikuta milango imefungwa."

"Basi na huu umefungwa," mzee akasema, bila ubaya wowote, na kuirudisha miwani mfukoni.

Wakarudi na mabegi. Bweni likamwona Kasuku aliyeagwa anarudi, na hakuna kitu kigumu kama kukutana tena na mtu uliyemlilia robo saa iliyopita. Mwenyekiti wa kamati alijificha bafuni.

Jumatano asubuhi na mapema Shangazi aliitazama ratiba yake ukutani, akaona siku hiyo ina kurasa tano zake, pamoja na nne za jana zilizobaki na nne za juzi. Halafu akamtazama Kasuku, ambaye kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa amekaa kimya kitandani juu ya godoro lisilo na shuka. Akafunga daftari. "Twende," akasema. "Hizo ofisi mimi nazijua. Nimekaa upande wa pili wa dirisha miaka kumi na tisa."

Saa mbili walikuwa michezo. Mwalimu wa michezo alifungua kitabu kikubwa, akashusha kidole.

"Namba yako hii ina filimbi moja. Ilitoka, haikurudi."

"Mwalimu, mimi filimbi ya nini?" Kasuku akalalama. "Mimi hata mbio za kuwahi chakula hushindwa!"

"Kitabu kimeandika."

Shangazi aliomba kwa adabu akione kitabu. Akaweka miwani. "Mwalimu, filimbi hii imechukuliwa mwezi wa tano, mwaka juzi. Binti huyu amekuja chuoni mwaka jana."

Mwalimu wa michezo alitafakari. "Basi aliichukua mapema," akasema. Lakini alivyoiona sura ya Shangazi ikimtazama juu ya miwani, kama shangazi wa kweli anavyomtazama mtoto aliyekula sukari, akaweka sahihi.

Masijala ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido. Shangazi alikuwa hajawahi kuingia, na alipopita mlangoni moyo wake ulishtuka kama mpishi anayeingia jiko chafu. Mafaili yalilala sakafuni, yalisimama kwenye maboksi ya sabuni, mengine yaliegemea ukuta kama watu wanaosubiri daktari. Karani, kijana mwenye tai safi sana, alikuwa amekaa katikati yao kwa utulivu. Nyuma yake ukutani palibandikwa hatua saba za utunzaji bora wa kumbukumbu, kwa herufi kubwa.

"Njooni saa nane," alisema baada ya kuangalia namba ya Kasuku. "Faili litakuwa limeshaonekana."

Kasuku alivyosikia hivyo akashiba matumaini. Saa saba akaaga tena. Safari hii kwaheri zilikuwa za mkono mmoja. Waliokuwa wakila waliendelea kutafuna. Shangazi peke yake alimkumbatia vizuri. Saa nane kamili walisimama mbele ya karani, mabegi miguuni.

"Faili lako halionekani," karani akasema.

"Limepotea?" Kasuku akauliza.

Karani akaumia kidogo. "Hapana, dada. Kwa utaratibu wetu faili halipotei. Halionekani."

"Sasa si uweke sahihi tu, kaka yangu?" Shangazi akaingilia. "Huyu hapa, mzima, umemwona kwa macho yako."

"Mama, mimi natumikia karatasi. Sahihi yangu inasema kumbukumbu zake zote zimefungwa. Nitafungaje kitu kisichoonekana? Kwa kumbukumbu nilizonazo hapa, huyu dada hajawahi kuingia chuo hiki." Akafungua mikono. "Na mtu ambaye hakuingia, atatokaje?"

Shangazi akainua begi moja. Kwa kweli, kwa namna fulani, lilikuwa jambo lisilo na kasoro.

Mchana ule mumewe akapiga simu.

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa sita. Nilikuwa namsindikiza Kasuku."

"Si uliniambia jana ameondoka?"

"Alirudi. Leo ameondoka tena, akarudi tena."

Cherehani ya mumewe ikasikika ikisimama. "Mke wangu," akasema, "huyo mtu anaondoka, au anapimwa nguo?"

Alhamisi asubuhi Shangazi alipiga moyo konde akaenda kumwona mwalimu wake, kumwomba siku moja ya nyongeza. Mwalimu huyu wanafunzi walimwita Bwana Mfumo, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Alikuwa ndiye aliyeandika zile hatua saba zilizobandikwa masijala. Ofisi yake ilinukia rangi mpya, na juu ya meza kompyuta yake ilikuwa imeinuliwa sawasawa na macho yake.

"Mama," akamwambia, "wewe ni mtu mzima, nitakwambia ukweli. Tatizo lako ni mfumo. Nimekuona kwa dirisha hili siku mbili, unapita na yule msichana na mabegi, mnakwenda, mnarudi. Chuo si kituo cha kusindikizana! Marafiki wanakuja na kuondoka. Kumbukumbu zinabaki. Mtu mwenye mfumo hujua kila kitu kiko wapi, wakati wowote..."

Akaendelea hivyo kwa muda. Shangazi alikuwa ameinamisha macho kwa heshima, na macho yaliyoinamishwa lazima yatue mahali. Yake yalitua chini ya skrini ya Bwana Mfumo. Kile kilichoiinua hakikuwa kibao, wala kitabu, bali mafaili, matano, yamepangwa kwa unadhifu, migongo kwa nje. Watu wengine husoma nyuso. Shangazi alisoma migongo ya mafaili, na hakuhitaji hata miwani. La tatu kutoka chini lilikuwa na namba ya Kasuku.

Damu ilimpanda usoni. Akafikiria filimbi, akafikiria geti, akafikiria kijana mwenye tai akifungua mikono. Yalimjia maneno mengi mdomoni, mengine ya aina ambayo hakuyatumia tangu asimamie foleni ya maji wakati wa ukame. Akayameza.

"Mwalimu," akasema, "samahani nikukatize. Hilo la tatu kutoka chini, naliomba."

Bwana Mfumo akatazama. "Lipi? Hilo? Hilo ni stendi."

"Ni faili la mwanafunzi, mwalimu. Wanalitafuta masijala tangu jana."

"Aa! Niliyachukua kwa ajili ya takwimu..." Akajaribu kukumbuka takwimu za nini. "Lakini sasa nikilitoa, skrini itainama. Shingo yangu, mama, daktari amenionya."

Shangazi aliangaza ofisini. Kwenye rafu palikuwa na bunda la miradi ya wanafunzi wa mwaka uliopita, imefungwa kwa kamba, na fundo la kamba lilikuwa bado lile la dukani, halijawahi kufunguliwa. Akatoa miradi miwili, akaipima kwa vidole. "Unene ni ule ule," akasema. Akainyanyua skrini kwa mkono mmoja, akachomoa faili, akasukuma miradi pale pale. Bwana Mfumo akainama, akafumba jicho moja, akaridhika.

"Umeona?" akasema. "Ukiwa na mfumo kila kitu kinawezekana. Kuhusu siku ya nyongeza, hapana."

"Sihitaji tena, mwalimu," Shangazi akajibu. "Ahsante sana."

Akalipeleka faili masijala. Karani alilipokea bila mshangao. "Si nilisema?" akasema. "Limeonekana." Akaweka sahihi ya kumi. Ya kumi na moja ilikuwa ya mratibu wa mafunzo, naye alikuwa kikaoni mpaka kesho yake saa tatu.

Shangazi alirudi chumbani, akazichukua kurasa zake sita juu ya umuhimu wa utunzaji bora wa kumbukumbu katika taasisi, akazisoma mara ya mwisho, akazichana. "Vuta kiti," akamwambia Kasuku. "Mimi nasema, wewe piga."

Akasema yote. Hakutaja mtu, hakutukana mtu. Alisema kama anavyosema mtu wa masijala: tarehe, saa, ofisi, swali lililoulizwa, jibu lililotolewa, muda uliopotea. Muuguzi wa zahanati aliyetaka kumpima Kasuku uzito wa kuondokea, akagundua uzito wa kuingilia haupo, akauandika ule ule mara mbili. Filimbi iliyochukuliwa mapema. Faili lisiloonekana, na mahali lilipoonekana, "katika ofisi moja ya idara, likitumika kwa shughuli nyingine". Kasuku alipiga chapa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongea mambo mengine, aliongeza tu, "Shangazi, usisahau na miwani ya mlinzi." Waliandika mchana kutwa, dirisha wazi, wakila mikate mikavu, na walipofika ukurasa wa kumi na tisa habari ikaisha. Shangazi alikataa kuirefusha.

"Kesho mimi nikimaliza jopo saa sita, ndipo tuagane," akasema. "Tuagane mara moja, vizuri, kama watu. Nitakusindikiza mpaka kwenye basi lenyewe."

"Mara moja na ya mwisho," Kasuku akasema. "Machozi nayatunza."

Ijumaa saa mbili Shangazi alikabidhi mradi. Saa tatu alisimama mbele ya meza ndefu. Walimu wawili walikuwa wamekaa, mmoja wao Bwana Mfumo. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Saa tatu na nusu mwenye kiti hicho akaingia anahema. Ndiye mratibu wa mafunzo.

"Mniwie radhi," akasema, akivuta kiti. "Kulikuwa na msichana mmoja mlangoni kwangu, anaongea huyo, anaongea! Nimemwekea sahihi ili nipone. Eti basi lao la leo linaondoka saa nne, jingine mpaka Jumatatu, na bweni linafungwa kesho. Haya, mama, tuendelee."

Shangazi alikuwa ukurasa wa pili. Akaendelea kusoma, sauti ikienda yenyewe. Chumba kile kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama njia ya getini. Alipofika kwenye ofisi ya stoo, aliona pikipiki, na nyuma ya dereva amekaa Kasuku, begi moja mgongoni, jingine mapajani, shuka ameishika juu kwa mkono mmoja inapepea kama bendera. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatafuta dirisha. Alikuwa anatafuta dirisha lisilo lenyewe, la darasa la upande wa pili, na alikuwa anapunga mkono kwa nguvu zake zote kwa chumba kisicho na mtu.

Shangazi akanyanyua mkono.

"Kuna swali, mama?" Bwana Mfumo akauliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi tunaomba usikivu wako katika mradi wako mwenyewe."

Mlinzi akavaa miwani. Alisoma, akasoma, akafungua geti. Shangazi alisikia pikipiki ikiongeza moto barabarani, kisha hakuisikia. Akageuza ukurasa.

Alipomaliza aliweka karatasi mezani. Mratibu alikuwa mwekundu kidogo masikioni. Bwana Mfumo alipekua nyuma na mbele, akafika ukurasa wa kumi na tano, akatulia hapo.

"Umeandika 'ofisi moja ya idara'. Utafiti unataka uwazi. Ofisi hii ni ipi?"

Shangazi alimtazama kwa upole. "Mwalimu, katika somo lako la nne ulitufundisha kwamba mtunza kumbukumbu bora hutunza na siri."

Yule mwalimu wa tatu, mama mmoja wa takwimu, akapatwa na kikohozi akaomba maji.

Matokeo yalibandikwa Jumatatu. Shangazi alipata alama sitini na moja, akawa amefaulu. Pembeni palikuwa na maandishi mekundu: "Kazi imejaa matukio. Inakosa nadharia. Kurasa zimepungua." Lakini mratibu hakuwa mtu mbaya, lile jambo lilimkaa moyoni. Aliitisha kikao, kikao kikaunda kamati, kamati ikasoma mradi wa Shangazi mstari kwa mstari na kukubali kwamba shuka ina matatizo makubwa. Uamuzi ukatangazwa kwamba kuanzia muhula ujao ofisi mpya itafunguliwa ya kufuatilia sahihi zinazochelewa. Nayo itakuwa na sahihi yake, ya kumi na mbili. Shangazi aliombwa awe mjumbe. Akasema atafikiri, alikuwa amejifunza jibu hilo kwa Polepole.

Jumatatu ile ya matokeo Shangazi alikuwa anafunga mizigo kwenda nyumbani likizo. Bweni walikuwa wamemruhusu abaki hadi matokeo, kwa ajili ya umri. Vitanda viwili vilikuwa vimebaki mbao tupu. Simu ikalia.

"Shangazi! Hatukuagana!"

"Tumeagana mara tatu, mwanangu. Mara ya tatu watu walikuwa wanatafuna."

"Zile hazikuwa zenyewe! Nilikupungia, uliniona?"

Shangazi alifikiri kidogo. "Nilikuona," akasema. "Nami nilikupungia."

"Nilijua! Nilikuona dirishani! Sasa ngoja nikusimulie basi lenyewe. Kwanza kiti changu walikuwa wamemuuzia mama mwingine, tukaanza..."

Shangazi akasukuma sanduku pembeni, akakaa juu ya mbao za kitanda cha Kasuku, akaegemea ukuta. Gari lake lilikuwa la saa tisa, na ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Katikati ya hadithi simu ya mumewe ikaanza kuingia, ikalia, ikakata, ikalia tena. Akaiacha. Kasuku alikuwa bado hajafika hata kituo cha kwanza.